Mtafiti kaja kupima ulevi wa vijana, binti yangu kanitaja mimi

Wakuu, salaam nyingi kutoka Mabatini, Mwanza.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, siyo cha "rafiki yangu mmoja". Siongezi chumvi, kwanza daktari kanikataza. Wa kuomba picha, sina. Kaeni tu msome.

Mimi ni Mhaya. Najua mmeshaanza kucheka, chekeni mmalize. Nina duka la vifaa vya ujenzi, mke Msukuma wa Kisesa, na binti mmoja wa miaka kumi na tano, Koku. Akili anazo nyingi, kachukua kwa baba yake.

Miaka mitatu iliyopita nilibainika nina presha. Daktari akasema pombe basi. Nikaacha siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa sisi Wahaya hatufanyi jambo kimyakimya, nikautangazia mtaa mzima: kwangu hakuna kilevi.

Sasa ugumu ukaja hapa.

Kila Jumapili baada ya ibada anakuja baba yangu mdogo, Ta Kalokola, na wazee wenzake wawili. Wanakuja na dumu la lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, inashuka na meli kutoka Bukoba. Na kwetu mgeni hanywi mpaka wenye nyumba waonje mbele yake, aone haijatiwa kitu. Hata kama dumu kaja nalo yeye. Msiniulize, mila nimeikuta hivyo.

Mimi siruhusiwi kuonja. Nikamwambia Mama Koku aonje yeye. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Mila zenu, onjeni wenyewe." Akabeba daftari lake la nyimbo, huyo kwaya.

Nikamwita Koku. Nikamwambia, mwanangu, gusisha midomo tu, wazee wasinione mtu wa ajabu. Akagusisha. Wazee wakapiga makofi, yakaisha.

Wakuu, mimi nilijua yameisha.

Juzi kati akapita dada mmoja mtafiti, ana kishikwambi na kitambulisho shingoni. Wanapima vijana wanavyotumia pombe na vilevi vingine, na wazazi wanachangia vipi. Wanapita nyumba kwa nyumba. Kwa jirani alikuwa amefungiwa geti. Mimi nikamfuata barabarani nikamvuta: "Njoo kwangu dada, upate nyumba ya mfano."

Akaanza na mimi. Unakunywa? Sinywi. Unahifadhi pombe nyumbani? Thubutu! Una msimamo gani kuhusu mtoto na pombe? Hapo nikamhutubia kama robo saa hivi, masikini akawa anabonyeza tu.

Kisha akasema Koku anahojiwa peke yake, majibu ni siri. Nikasema hakuna tabu, naheshimu utaalamu. Nikatoka nje, nikachukua ungo wa mchele, nikakaa chini ya dirisha la sebuleni.

Mama Koku akatokea jikoni. "Baba Koku, tangu lini wewe unachambua mchele?"

Nikamwonyesha kidole, nyamaza.

Ndani nikasikia: "Umewahi kunywa pombe?"

"Hapana, dada."

Nikatabasamu. Damu yangu ile.

Dada akaanza kusoma orodha. Bia? Hapana. Gongo? Hapana. Lubisi?

"Ah, lubisi! Hiyo sinywi. Naonja."

"Unaonja mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Nitakuonyesha picha za vyombo. Kiasi gani?"

"Hiki hapa. Kikombe cha chai. Zamani ilikuwa kidogo, ila babu anasema tone halimtoi mtu wasiwasi, onja tukuone. Na vikombe viwili wakija na dumu la pili."

Wakuu, ungo ulinicheza mapajani, mchele ukamwagika.

"Nani alikupa mara ya kwanza?"

"Baba."

"Kwa nini alikupa?"

"Sababu ya presha."

"Una presha?"

"Siyo yangu. Ya baba."

Nadhani kwenye kile kishikwambi hapakuwa na pa kubonyeza.

Mpaka hapo nilikuwa nimejipanga kucheka na kujitetea. Nitasema ni mila, ni kuonja, siyo kunywa. Ila swali lililofuata ndilo lilinimaliza.

"Na Jumapili wasipokuja wageni?"

"Siku inakuwa ndefu. Huwa naenda stoo naangalia kama dumu la wiki iliyopita lina chochote. Nikikuta, namalizia."

Aisee. Niliogopa wakuu, sina neno lingine. Miaka mitatu mimi nameza dawa na kujisifu sigusi, kumbe nimemkabidhi mtoto zamu yangu. Mwanangu alikuwa anaelekea kuwa mlevi, na kikombe nilimshikisha mimi.

Mama Koku alikuwa amesimama nyuma yangu, kasikia yote. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Akaokota mchele niliomwaga, punje moja moja, na hiyo ilinichoma zaidi ya tusi.

Dada alipotoka nikashindwa hata kumsindikiza. Akaniaga vizuri tu, wala usoni hakuonyesha kitu. Anajua kazi yake yule.

Jumapili ikafika. Nilikuwa sijamwambia Koku kwamba nilisikia. Ningeanzaje? Baba mzima, chini ya dirisha na ungo?

Wazee wakaingia. Shikamoo, marahaba, dumu likawekwa mezani. Koku, bila kuitwa, akaja na kikombe chake. Nikakiona kile kikombe. Ni kikubwa wakuu, kile cha uji. Sijui macho yangu siku zote yalikuwa wapi.

Nikasema, "Koku, rudisha kikombe jikoni."

Kisha nikamgeukia mzee. "Baba mdogo, nakuheshimu sana. Lakini nyumba hii haionji tena."

Ta Kalokola akaangalia dumu, akaniangalia mimi. "Ina nini?"

"Haina kitu."

"Kama haina kitu kwa nini hamuonji? Unataka kutuua, wewe?"

"Wewe ndiye umekuja nalo, baba mdogo!"

Wale wazee wawili wakaanza kulitazama dumu kwa jicho lingine. Mmoja akasogeza kiti nyuma. Ta Kalokola akaapa kwamba Wasukuma wamenibadilisha, akabeba dumu lake, akatoka bila kuaga. Mpaka leo simu yangu hapokei. Ukoo mzima unajua nilitaka kumlisha sumu.

Tulipobaki wawili nikamkalisha Koku. Nikamwambia ukweli: nilisikia, nilikosea kusikiliza, na nilikosea zaidi kwenye kikombe. Nikamwomba msamaha. Kwa Mhaya hilo neno ni zito, linatoka kwa vipande.

Nilitegemea alie. Alikuwa ananishangaa tu.

"Baba, kumbe inakataliwa hivyo tu? Unasema hapana, basi?"

"Ndiyo mwanangu."

"Mimi nilikuwa sipendi ladha yake. Mwanzo nilikuwa natapika bafuni. Nikajua nikikataa utaaibika."

Wakuu, hapo mimi ndiye nililia. Mama Koku akaniletea taulo, siyo kitambaa, taulo.

Stoo tumeisafisha. Jumapili mchana sasa tunatoka wote watatu, tunakaa kwenye mawe kule ufukweni na sato wa kukaanga. Kuna wiki anakuwa mkali bila sababu, nami namwacha awe mkali, tunarudi nyumbani pamoja. Mama yake kampeleka kwa mshauri kituo cha afya, anaenda.

Nilichojifunza: nilikuwa nahesabu ninachokunywa mimi, nikasahau kuangalia ninachomtuma mtoto. Mnaowatuma bia, mnaowaachia povu la glasi, mnaosema "kidogo tu ili asitamani nje", nanyi mmo humu.

Haya, matusi nayapokea, ushauri naupokea zaidi. Ila kabla hujaniandikia, kamuulize mwanao. Usimuulize kama anakunywa, atakujibu hapana na atakuwa anasema kweli. Muulize kama anaonja.