Mwanya wa Shemeji

Fundi wa meno ya bandia alikuwa na jina lake kamili kwenye kitambulisho, lakini kazini na mtaani aliitwa Usigeuke. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila alipoinua kamera na mtu akamshtukia, alisema kwa sauti ya chini, "Usigeuke," na binadamu ndivyo alivyo, mtu akageuka. Ndiyo maana nusu ya picha zake zina watu ambao shingo zimeanza safari na macho bado hayajafika.

Kamera aliinunua akiwa na miaka ishirini na sita, kwa mpima ardhi mstaafu aliyekuwa anahama. Ilikuwa ya mkanda, nzito kama pasi, na mfuko wake wa ngozi ulikuwa umechanika pembeni. Watu wengine wenye kamera walikimbilia harusi. Yeye harusini alikwenda kama mgeni, kamera akaiacha kabatini. Alichopenda ni mambo ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyapiga picha: fundi viatu amesinzia na kiatu cha mteja mapajani, mwalimu wa jirani akipuliza chai huku anasahihisha madaftari, daktari wa meno ameshusha barakoa kidevuni akila ndizi kwa haraka kabla mgonjwa hajaingia. Mtu akishajipanga mbele ya kamera, alisema, huyo tayari ni mtu mwingine.

Mkewe alilizoea jambo hilo, ila hakulikubali. "Nyumba hii," aliwaambia wageni, "ina picha mia za mimi nikimenya viazi. Ya mimi nimevaa viatu haipo."

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma katika kliniki ya meno. Palikuwa na meza moja chini ya dirisha, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, mashine ya kusagia, na rafu zilizojaa taya za plasta, kila moja na namba ya mgonjwa. Siku nzima alitazama vinywa visivyo na wenyewe. Jioni alitoka na kamera begani, akaenda nyumbani kwa njia ndefu.

Kaka yake mkubwa, karani wa posta, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya tatu baada ya maziko nyumba ya marehemu ilikuwa bado imejaa watu. Wanaume walikaa uani, wanawake walikuwa jikoni wakiosha vyombo. Usigeuke alipita nyuma ya nyumba kutafuta kiti cha ziada, akafika kwenye dirisha la jikoni, akamwona shemeji yake.

Mke wa marehemu alikuwa amesimama mbele ya beseni, mikono imezama povuni hadi viwiko. Alikuwa anacheka. Kicheko chenyewe si cha pembeni mwa mdomo. Kichwa kilikuwa nyuma, macho yamefumbwa, meno yote ya juu nje pamoja na ule mwanya wake wa katikati. Usigeuke alipiga picha moja. Hakuna aliyegeuka. Baadaye alikiri kwamba alipoondoka pale na kiti chake alijisikia furaha, akajionea haya, na haya hiyo haikuiondoa furaha.

Wiki mbili baadaye mkanda ulikwisha. Akausafishia studio, akachukua bahasha ya picha mpaka nyumbani kwa marehemu, akaiweka mezani bila kuchambua. Hilo ndilo kosa lake, na hakuwahi kulipunguza. Aliyeifungua bahasha ni dada yao mkubwa, muuguzi mstaafu, mwanamke aliyezoea kusema jambo mara moja na kusikilizwa.

"Huyu ni nani anacheka?" aliuliza. Akaigeuza picha, akasoma tarehe iliyoandikwa nyuma kwa mkono wa Usigeuke. Akairudisha kwenye bahasha.

Hakugomba. Alisimulia tu, nyumba hadi nyumba, kwamba mke wa mdogo wake alicheka siku ya tatu, na kwamba ushahidi upo. Baada ya mwezi, upande wa mume ulikuwa umepunguza miguu. Kikao cha familia kilipoitwa, mjane alipata habari kimekwisha. Mwanawe wa kike alitoka shuleni na swali ambalo halikuwa lake, alilopewa na binamu yake: mama, ni kweli ulifurahi?

Siku hiyohiyo shemeji alifika karakana. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na bado alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Picha aliishika kwa ncha za vidole.

"Ulikuwa unapiga nini, shemeji?"

"Nilikuona tu."

"Uliniona. Haya. Na ulipokwisha kuniona, ukaona ulete mezani."

Shemeji akavuta kibakuli cha bati cha kuyeyushia nta, akaiweka picha ndani. "Choma. Na kile kipande cha mkanda pia."

Picha aliichoma palepale kwa taa ya spiriti. Kipande cha mkanda, alisema, kiko nyumbani, atakichoma jioni.

"Apa."

Akaapa.

Jioni alikitoa kwenye bahasha, akakiinua mbele ya balbu. Kilikuwa na picha sita. Ya nne ni shemeji jikoni. Ya kwanza ni kaka yake, siku kumi kabla ya kufa, ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu. Usigeuke alijiambia hawezi kumchoma kaka yake. Mkasi ulikuwa kwenye droo karibu yake, hakuutoa. Alikitia kipande kwenye bahasha nyingine, akaandika juu yake "Viti vya uani," akaisukuma chini kabisa ya sanduku.

Ikapita miaka kumi na moja. Kamera za mkanda zikawa kitu cha kuchekwa, yeye akaendelea na yake. Na shemeji waliamkiana vizuri, wakaulizana hali za watoto, basi. Kwenye sherehe za familia, kamera yoyote ikiinuliwa, hata ya simu, shemeji alifumba mdomo na kusubiri iteremshwe.

Kisha ufizi ulimsumbua. Meno ya juu yalianza kulegea moja baada ya jingine, na daktari akamweleza kwamba kuyabakiza ni kuyabembeleza bure. Yaling'olewa yote kwa awamu mbili. Kliniki ya karibu ilikuwa ni ile ile, na fundi wa kutengeneza mengine alikuwa ni yule yule. Shemeji hakulifanya hilo kuwa hoja. Alikuja na leso mdomoni, akakaa.

Meno ya bandia hujaribiwa kwanza yakiwa yamepangwa kwenye nta, ili kasoro irekebishwe mapema. Usigeuke alimpangia safu nzuri, iliyonyooka. Shemeji alijitazama kwenye kioo cha mkononi kwa muda.

"Yamepangwa kama vigae vya bafuni."

"Ni mazuri, shemeji."

"Ni mazuri. Ila si mimi. Nilikuwa na mwanya. Niwekee mwanya."

Akamwekea. Jaribio la pili shemeji alisema pale linapita basi na abiria wake. La tatu alisema mwanya umekaa katikati kama uliochorwa kwa rula, na wa kwake haukukaa hivyo. Ulikaaje? Hakuweza kueleza. Alijaribu kuonyesha kwa vidole, akaacha. "Mdomo wangu miaka hamsini na mbili, na siwezi kukwambia ulivyokuwa."

Daktari alishauri alete picha za zamani. Alileta bahasha nzima: kitambulisho, picha ya kumaliza shule, ya harusi, ya ubatizo wa mtoto. Katika zote midomo ilikuwa imefungwa. Zamani, alisema, mpiga picha alikuwa anakwambia funga mdomo. Na baadaye alifunga mwenyewe. Aliposema hivyo hakumtazama Usigeuke, na Usigeuke akajifanya anatafuta kisu cha nta.

Nyumbani alikaa mbele ya sanduku bila kulifungua. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Unayo, siyo?" mkewe aliuliza.

"Ulijuaje?"

"Nafuta vumbi humu ndani mwaka wa thelathini huu. Viti vya uani haviwezi kuwa na bahasha yao peke yao." Akakunja shati, akaliweka juu ya mengine. "Mwambie kwanza, ndiyo utengeneze."

Ushauri ulikuwa mzuri, na hakuufuata. Alikwenda studio, akaisafisha ile picha ya nne kwa ukubwa wa karatasi ya barua, akaibandika ukutani mbele ya meza yake. Kwa kioo cha kukuzia aliona kila kitu. Mwanya haukuwa katikati, ulielemea kushoto. Jino la kushoto lilijigeuza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Jino la kulia lilimeguka kwenye kona, kipande kidogo kuliko punje ya mtama. Alipanga, akapasha nta, akapanga upya. Kona ile aliisaga kwa mkono.

Safari hiyo shemeji aliyavaa kwenye kiti cha daktari. Alihesabu kwa sauti kutoka sitini hadi sabini, kama anavyoelekezwa kila mgonjwa ili fundi asikie kama herufi "s" inatoka sawa. Akapitisha ulimi. Ulimi ukasimama.

"Hapa palimeguka nikiwa na miaka tisa," alisema. "Nilianguka kwenye ngazi za shule. Hata marehemu sidhani kama alijua. Wewe umejuaje?"

Angeweza kusema anakumbuka. Kazi yake ni meno, na shemeji angeamini.

"Nina picha," alisema.

"Picha ipi?"

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshaijua. Shemeji aliyatoa meno, akayaweka kwenye kibakuli, akajifunga leso, akatoka. Daktari aliuliza kama mgonjwa ameridhika. Usigeuke alijibu kwamba meno yamemkaa.

Siku nane zilipita. Nta ile aliiacha kwenye maji baridi, akabadilisha maji kila asubuhi. Siku ya tisa shemeji aliingia bila kupitia mapokezi, akaketi kwenye kigoda cha fundi mwenyewe.

"Lete niione."

Akampa ile kubwa ya ukutani. Shemeji aliisogeza dirishani. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama picha yake mwenyewe.

"Unajua nilikuwa nacheka nini?"

"Sijui. Dirisha lilikuwa limefungwa."

"Miaka yote hii hukuwahi kuuliza."

"Sikuwahi."

Basi akamweleza. Aliyekuwa anasuuza sahani kando yake siku ile alikuwa mama mmoja wa posta, aliyefanya kazi na marehemu. Yule mama alisimulia kwamba siku moja marehemu alikataa kabisa kutoka nyuma ya kaunta. Mkuu wa posta alimwita ofisini, akajibu kwa heshima kwamba yuko katikati ya hesabu. Wenzake walimwita kula, akasema leo tumbo halina nafasi. Jioni akawa wa mwisho kuondoka. Yule mama ndiye aliyechungulia: karani amevaa suruali iliyopigwa pasi, tai, na ndala za kike za rangi ya zambarau.

"Zangu," alisema shemeji. "Alitoka alfajiri na giza, umeme umekatika, akavaa alichokikanyaga. Mimi siku hiyo nilizitafuta ndala zangu mpaka nikamgombeza msichana wa jirani. Jioni nikazikuta chini ya kitanda zina vumbi la barabarani. Nilimuuliza. Akaniambia ndala hazina miguu." Akaiweka picha mezani. "Miaka minne nilikuwa na nusu ya kisa. Nusu ya pili nikaipata siku ya tatu, yeye mwenyewe hayupo wa kumsuta."

Usigeuke alikuwa hajawahi kusikia kisa hicho. Aliigeuza picha, nyuma yake palikuwa peupe. Aliomba akirudie polepole, akakiandika kwa penseli ile ya kuwekea alama kwenye plasta, mpaka nafasi ikaisha.

"Ungeandika hivyo mara ya kwanza," shemeji alisema, "labda dada yako asingesema aliyoyasema."

"Labda."

"Na labda angesema tu. Namjua wifi yangu."

Kisha akataka vitu viwili. Meno yake yakamilishwe kama yalivyo, na kile kipande cha mkanda kikatwe. "Ya kaka yako baki nayo. Yangu nipe." Usigeuke akaleta mkasi. Shemeji alisimama juu yake mpaka alipomaliza, akakitia kile kipande chake kidogo kwenye pochi ya sindano, picha kubwa akaikunja mara mbili, akaondoka nayo. Alichoifanyia hakusema, na hakuulizwa.

Dada mkubwa aliyaona meno mapya kwenye ubarikio wa mjukuu. Inasemekana alimtazama wifi yake akizungumza, akamwambia yamefanana sana na ya zamani. Shemeji akasema ndiyo yaleyale. Wakaendelea kula.

Tangu hapo Usigeuke ana mazoea mapya, ambayo watu wengine wanaona ni usumbufu. Akishapiga picha anakwenda kwa mhusika na kijitabu, anauliza: ulikuwa unasema nini? Ulikuwa unafikiria nini? Wengi hawakumbuki. Fundi viatu alijibu kwamba alikuwa amelala, na hilo nalo likaandikwa. Kuna picha ambazo mwenyewe akizikataa zikishasafishwa, Usigeuke huzikata palepale, mwenyewe akiwa anaona. Masanduku yake hayajai haraka kama zamani.

Ufizi hunywea kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo meno ya bandia hurudishwa kwa fundi yaongezwe kitako. Shemeji huja mara mbili kwa mwaka. Huketi, hutoa habari za watoto, husubiri mashine inyamaze, huyavaa, huhesabu kutoka sitini hadi sabini, huaga. Usigeuke hajampiga picha tena, na yeye hajamwomba.