Idrisa na Cherehani ya Mahari

Idrisa huuza makoti ya mitumba Soweto, Mbeya, na baridi ya kule haijawahi kumtupa mkono. Shule aliipitia mlangoni tu, ila binti yake Nasrin ni mwalimu wa Kiingereza Iringa, basi naye hujiona kasoma nusu.

Likizo moja Nasrin alimwambia kwa utani, "Baba, wewe ni inveterate bargainer." Idrisa akavimba kichwa. Kuanzia hapo, akidhani ni sifa ya ukongwe, kila cha zamani akakiita inveterate: kabati la marehemu mama yake, mparachichi wa jirani, hata koti lililomdodea miaka.

"Kabati haliitwi hivyo, wala mti," Nasrin alicheka. "Husemwa tabia iliyoota mizizi mpaka mwenyewe haioni. Au chuki ya siku nyingi. Au mtu mwenyewe: mvutaji, mwongo, mpenda kupunguziwa bei."

"Mimi nikitaka, naacha leo."

Haukupita mwezi, likizo haijaisha, akaja mshenga wa mchumba wa Nasrin, Bwana Matano, kuthibitisha mahari. Nasrin alitaka msahafu, kitanda na cherehani. Roho yake ilikuwa kwenye cherehani. Alipania kushona sare za wanafunzi, awe na kipato chake mwenyewe. Kazi ya Idrisa ilikuwa moja tu, kuitikia.

"Bibi harusi anataka msahafu, kitanda, na cherehani," alisema Matano, kwa sauti ileile ya mtu anayetaja bei.

"Aa, umepandisha mno!" Idrisa akaropoka. "Toa cherehani, tumalizane."

"Nitoe?"

"Toa!"

Matano hakungoja. Akainua mikono, Fatiha ikasomwa. Idrisa aliitikia amina, ndipo akakumbuka alikuwa upande gani.

"Bwana Matano, ilinitoka tu. Irudishe."

"Mzee Idrisa, kibandani kwako umeandika mwenyewe: mali ikishauzwa hairudi."

Nyuma ya pazia Nasrin alikuwa amesikia yote. Mazoea yana taabu, Idrisa alijisemea, tena haya ya kwangu yamekula mpaka mahari ya mwanangu.

Kesho yake akampeleka Nasrin dukani, amnunulie cherehani yeye mwenyewe. Muuzaji akataja bei. Idrisa akauma ulimi, jasho likamtoka kwenye baridi ya Mbeya, akalipa yote bila neno. Nasrin akamshika mkono kwa furaha, wakaanza kutoka.

Mlangoni miguu ya Idrisa ikagoma.

"Walau niongezee uzi, ndugu yangu," akamwambia muuzaji. Kisha, kabla binti hajafumbua kinywa, "Najua, mwanangu. Inveterate."