Nazi Niliyoikuna Kochi

Watu wakisikia nimefika Kochi, ule mji wa viungo kusini mwa India, huniuliza kama niliziona nyavu za Kichina na maghala ya pilipili manga. Niliziona. Nyavu ni nyavu. Mimi nikiikumbuka Kochi nakumbuka jiko la watu, na roho huniuma hadi leo.

Nilikwenda na mjane mmoja Mhindi wa hapa Durban, Afrika Kusini, mtaa wa Overport, ambaye kila mtu humwita Anti. Magoti yake mabovu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, wanawe wako ng'ambo na hujua kupiga simu tu. Nilianza kwake kama mpishi wa muda, muda ukawa miaka. Tulikula meza moja na kugombana juu ya chumvi. Wageni wakija, alinishika bega akasema, "Huyu ndiye binti yangu."

Mama yangu alikufa Tanga wakati karatasi zangu za kukaa hapa hazijakaa sawa, nikashindwa kwenda kumzika. Kwa hiyo neno hilo la Anti nililipokea kwa mikono miwili.

Babu yake Anti alitoka Kochi, akiuza iliki, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Alipoamua kwenda kabla magoti hayajagoma kabisa, alisema hasafiri na mtu mwingine ila mimi. Nikamringia rafiki yangu Mkongomani, msusi ninayekwenda kupiga naye soga pale Berea. Nilimwambia nakwenda kutambulishwa kwa ndugu. Alicheka mpaka kitana kikamdondoka.

"Dada, ule hapana mama yako. Iko bosi. Eish, utaona huko."

"Una wivu," nikamjibu.

Tulifikia kwa binamu yake Anti, mama wa makamo, nyumba ya zamani nyuma ya maghala ya tangawizi. Harufu ya tangawizi iliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Nilipewa chumba safi uani, na chakula nikaletewa hukohuko kwenye jani la mgomba. Anti alikula ndani na wenyeji. Nikadhani ndiyo heshima ya mgeni, maana kwetu pia mgeni haingizwi jikoni. Nilikula nikashiba, nikasubiri nitambulishwe.

Lakini kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mtoto wa kike aliyelelewa hangoji kuambiwa. Nikanawa mikono, nikaingia jikoni. Hapakuwa na mtu. Sakafuni niliona mbuzi ya nazi: kigoda kifupi, chuma chenye meno kimechomoza mbele, kama ile ya marehemu mama. Pembeni kulikuwa na nazi imekwisha kuvunjwa. Nikakaa, nikakuna. Tangu nimzike mama kwa simu sikuwahi kujisikia niko nyumbani kama dakika zile.

Binamu mtu akaingia na Anti nyuma yake. Akasimama. Hakunifokea, na laiti angefoka. Alichukua sinia la nazi yangu kwa ncha za vidole, akatoka, akaimwaga nje kwa kunguru. Kisha akamwita mtu aje kuosha ile mbuzi, kana kwamba mkono wangu umeinajisi.

Anti hakujua lugha ya babu zake, hivyo walizungumza Kiingereza, nami nikasikia kila neno.

"Na kule kwako," binamu akauliza, "chakula chako anapika nani?"

Anti alinitazama. Mikono yangu ilikuwa bado myeupe kwa nazi.

"Najipikia mwenyewe," akasema. "Huyu hunifagilia tu."

Najua alikuwa anaogopa. Tangu tufike walikuwa wakimpima: lugha hajui, sala anakosea, kuketi sakafuni magoti hayataki. Aliyebaki wa kutoswa ili yeye aonekane wao nilikuwa mimi. Nayajua yote hayo, na nilimchukia hivyohivyo. Miaka yote ile alitafuna kwa mkono wangu, halafu mbele ya ndugu zake mkono huo ukawa wa kushika ufagio. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakuiti binti.

Nilirudi uani, hakunifuata. Kwenye ndege alininyooshea pakiti ya biskuti nimfungulie, kwa kuwa vidole haviwezi. Nikamfungulia.

Tulipofika Overport alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake pale mezani, akashusha pumzi. Alikuwa Anti wa siku zote.

"Binti yangu," akasema, "nina hamu na ule mchuzi wako wa nazi."

Nikaingia jikoni. Nilitoa nazi nzima, kitunguu na kisu, nikarudi nikaviweka mezani mbele yake. Nikavuta kiti changu, nikakaa.

"Anti, si unajipikia mwenyewe?"

Alinitazama akidhani nitacheka. Sikucheka. Akakishika kisu. Kikamponyoka, akakiokota, akajaribu kumenya kitunguu, kisu kikamponyoka tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na kitunguu kilikuwa bado na maganda yake yote.

Nilibaki nimekaa.