Fundi Apande Kwanza

Juzi, kwenye duka la mabati hapa Musonoi, fundi alikuwa anamuharakisha mama mumoja. "Mama, nunua mabati leo. Mbao tutaziangalia tukiisha kufungua paa."

Mama akaweka mikono kiunoni. "Tata, ukiisha kufungua, mvua ikinyeshea vitanda vya batoto, bei yoyote utakayotaja nitaitika. Panda kwenye paa leo, uchome kila mubao na musumari nikiona, tujue mbao ngapi zimeoza. Kisha tupatane."

"Mama, mafundi wote wa Kolwezi banafungua kwanza."

"Wewe utapanda kwanza."

Fundi akaenda kutafuta ngazi.

Mi, bingwa wa paa mutaa muzima, nilipatana bei na fundi wangu paa likiwa limeisha kufunguliwa, nikiwa tayari nimelala chini ya bashi, turubai la plastiki. Wasomaji, mufuate huyu mama.