Mwanambuzi Aliyenukia Maua

Jiko la kukhu lilinuka mbuzi, nami nililichukia. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi, na huyu wangu, mamake baba, aliishi karibu na Myanga. Mbuzi wake watano walilala mumo humo jikoni, wamefungwa kwenye nguzo, kwa hivyo moshi wa kuni, mkojo na nyasi zilizolowa vilichanganyika vikawa harufu moja nzito iliyoingia mpaka kwenye ugali. Miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga, nami nilikuwa darasa la nne, nimeletwa kutoka Kitale kwa likizo ya Aprili, mvua ikinyesha kila alasiri. Mama alinifungia sabuni ya kuogea yenye harufu ya maua, taulo, na mkebe wa mafuta ya kujipaka, na kwa vitu hivyo vitatu nilijiona msafi kuliko kijiji kizima. Nilikuwa mtoto wa kuudhi, sitaficha.

Asubuhi moja kukhu alikwenda kuwapa pole majirani waliofiwa, akaniachia mbuzi wake mweusi ambaye tumbo lilikuwa limeshuka. Aliniambia nikiona anaanza kuzaa nimwite mara moja. Sikumwita. Kila kitu kilitokea haraka mno: mbuzi alilala, akalia mara mbili, na mara kitu chembamba, chenye utelezi wa manjano, kikaanguka kwenye matope ya mlangoni. Kilikuwa hai, lakini kinyonge, shingo haishiki kichwa. Mama yake aliinama akaanza kukilamba ule uchafu, nami nikaona kinyaa. Nilijiambia kwamba kwetu Kitale mtoto akizaliwa huoshwa. Basi nikamchukua kutoka mdomoni mwa mama yake, nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni yangu mpaka povu likaisha, nikamkausha kwa taulo, nikampaka mafuta kuanzia masikioni hadi kwato. Alipendeza jamani! Nikamrudisha nikisubiri shukrani. Mama yake alimnusa, akapiga chafya, akamnusa tena, kisha akamsukuma kwa kichwa mpaka akabiringika kwenye majivu.

Kukhu aliporudi alikuta mwanambuzi anatetemeka pembeni na mama yake amempa mgongo. Alikuwa na mafua wiki nzima ile, pua imeziba, kwa hivyo hakunusa chochote. Aliuliza kama mbuzi alizaa vizuri, nikasema ndiyo. Uongo wangu ulikuwa mfupi hivyo, neno moja tu. Siku mbili zilizofuata tulimhangaikia yule mtoto kama mgonjwa wa hospitali. Baba mdogo Wafula alimshika mama mbuzi kwa pembe, kukhu akamkamua yale maziwa mazito ya kwanza, nami nikamnywesha mwanambuzi kwa kijiko, tone kwa tone, kichwa chake kikiwa kwenye kiganja changu. Tulimlaza ndani ya kikapu karibu na mafiga. Nilihisi moyo wake ukipiga chini ya vidole vyangu, haraka na hafifu, na nikampenda kwa mapenzi yenye hofu. Kila tulipomrudisha kwa mama yake alipigwa teke. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mzazi alionekana hana uchungu wowote. Mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko. Baba mdogo aliamka na uamuzi: mbuzi anayekataa mtoto wake hafugwi, maana atakataa na wa pili, na wa tatu. "Huyu ni wa kuuza tu, bana. Ati mama gani huyu?" alisema akimfunga kamba shingoni. Kukhu hakupenda, lakini hakuwa na la kumtetea. Alimpapasa mbuzi wake mgongoni, akamwambia kwa Kibukusu kwamba amemvunja moyo. Maneno yale yalinichoma. Mbuzi wa watu alikuwa anaondoka na jina baya ambalo ni langu, na yule mdogo, aliyekuwa bado hawezi kusimama, angebaki na kijiko kisicho na maziwa. Kamba ilipovutwa nilipiga kelele. Nikaeleza yote, sabuni, taulo, mafuta, kamasi zikinitiririka.

"Ati sabuni!" Baba mdogo aliangalia huku na huku akitafuta fimbo. "Huyu mtoto wa mjini leo atanijua."

Kukhu aliinua mkono kumzuia. Hakuniuliza kwa nini nilifanya vile, wala kwa nini nilidanganya. Aliniuliza jambo moja: "Mama yake alikuwa amemlamba kidogo, au bado?"

"Kidogo, kukhu. Kichwani."

"Basi harufu yake anaijua. Leta chumvi."

Alinikalisha chini, akanipa nyasi alizolalia yule mbuzi mweusi, zimelowa mkojo, akaniamuru nimsugue nazo mtoto mwili mzima. Nilisugua, mimi niliyekuwa nikiziba pua, mpaka mikono yangu ikanuka hadi viwikoni. Kisha kukhu akanikamulia maziwa ya mbuzi yule kiganjani, nikayapaka mgongoni mwa mtoto, naye akanyunyiza chumvi juu. Mbuzi mweusi alifunguliwa kamba. Alisogea kwa ajili ya chumvi, hilo najua. Akalamba mara moja, akasita, akalamba tena, na mwanambuzi akalia kwa sauti nyembamba. Mama yake akamjibu kwa mlio wa chini chini, wa kooni, ambao hatukuwa tumeusikia kwa siku tatu. Kukhu akamwinua mtoto, akamwelekeza kwenye chuchu, na kile kimkia kikaanza kutikisika. Nililia upya. Hata baba mdogo alijifanya anakunja kamba. Kukhu alinitazama, akasema, "Umesema. Nenda ule, ugali unapoa."

Leo naishi Kitale na nina mbuzi wangu watatu wa maziwa. Banda lao lina sakafu ya mbao, maziwa ya unga yanapatikana dukani, na daktari wa mifugo nampigia simu akafika kwa pikipiki. Ni wachache wanaonifia, na kwa hilo siwezi kusema zamani kulikuwa bora. Lakini mwaka jana binti yangu, ana miaka tisa, alimnywesha mwanambuzi maziwa baridi kutoka kwenye friji, yule mwanambuzi akaharisha vibaya. Alikuja mwenyewe kuniambia, bila kuulizwa, amesimama mlangoni na chupa mkononi. Nilimfokea kabla hajamaliza sentensi. Mwanambuzi alipona baada ya siku mbili. Binti yangu, tangu siku hiyo, hajaniletea kosa lake hata moja, nami najua si kwamba hakosei.