Jinsi nilivyofanya mazoezi ya mguu mmoja ili nisiangukie kwenye mtumbwi wa ndizi wa baba mkwe

Wakuu wa jukwaa la michezo, habari za mchana.

Hii sijasimuliwa na mtu. Miguu iliyokuwa hatarini ni yangu, na mashahidi wapo Rubya wazima kabisa.

Mimi nina duka la simu Kashai, jioni nafanya karate. Kifua kipo, mabega yapo. Squat nilikuwa nabeba chuma mpaka watu wanaacha mazoezi yao wanatazama.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nikinyanyua mguu kupiga teke, ule uliobaki chini unaanza kutetemeka, na mimi naondoka nao.

Pale klabuni kuna jamaa anayekaa Kahororo, tumwite Deo. Mwembamba, mchokozi, kazi yake kunifagia mguu kila tukipambana. Ningevumilia, lakini Deo ni kaka yake Kemilembe, na Kemilembe ndiye ninayetaka kumuoa.

Jamaa akaenda nyumbani kwao Rubya akamwambia baba yao, "Tata, huyo mkwe wako anaangushwa hata na upepo."

Mzee akasema, "Basi aje siku ya kukamua. Nitamuona mwenyewe kabla sijasema lolote."

Wakuu, nilipopewa salamu hizo nilikosa hamu ya kula.

Kwa wasio wa huku: ndizi za pombe zikishaiva, zinamenywa na kumwagwa pamoja na majani kwenye mtumbwi. Si mtumbwi wa ziwani, ni gogo kubwa lililochongwa katikati. Wanaume wananawa miguu, wanaingia, wanakanyaga mpaka juisi itoke. Humo ndani panateleza balaa. Kuna mchumba wa binti mwingine wa pale pale alidondokea humo, wakamwita Bwana Juisi. Hakurudi tena hata kuaga.

Nikamfuata mwalimu wetu, mama mmoja mpole wa sauti lakini si wa maneno. Akanitazama nikipiga teke, akacheka.

"Una nguvu za miguu miwili," akasema. "Teke linapigwa ukiwa umesimama na mmoja. Huo mmoja hujawahi kuufundisha kitu."

Akaninyang'anya vyuma vyote. Akanipa dumu dogo la maji.

Kazi ikawa hivi: nasimama mguu mmoja pekupeku, nainama polepole na dumu mkononi, mguu mwingine umenyooka nyuma, halafu narudi juu bila kugusa chini. Kwa wajuzi, single-leg deadlift. Halafu split squat, mguu wa nyuma umewekwa juu ya benchi. Halafu kupanda na kushuka ngazi taratibu bila kujirusha. Side plank za kutosha, kwa sababu kumbe kiuno kikilegea na goti linapotea. Mwisho teke la polepole, unalishikilia hewani huku vidole vimeng'ang'ania sakafu.

Dumu la maji, wakuu! Mimi! Wale waliokuwa wananitazama nikibeba chuma sasa wakawa wananionea huruma.

Dukani nikawa nahudumia wateja kwa mguu mmoja. Mama muuza vitumbua wa jirani akaniuliza kama nimekanyaga msumari. Nikamwambia ndiyo, ikawa rahisi zaidi.

Nilipoona nimeiva, nikamenya ndizi mbivu kwenye beseni la mama mwenye nyumba, nikaingia nikakanyaga chumbani. Tulikosana naye vibaya. Beseni nilimnunulia jipya, lakini mpaka leo akinipita anatazama miguu yangu.

Siku ikafika. Wasibota, wasibota, nikasalimia kila mtu kwa adabu zote. Nikakunja suruali. Mama mkwe kwa heshima akajiondokea kwenda jikoni asione magoti yangu. Mzee akakaa kwenye kigoda mbele kabisa, Kemilembe nyuma yake ameziba mdomo kwa kanga.

Kuna mti wa kushikilia wakati wa kukanyaga. Mzee akauchukua, akauweka kando.

"Kamua," akasema.

Deo akaingia tukawa uso kwa uso, anatabasamu.

Tukakanyaga. Juisi ikaanza kutoka, majani yananata, mimi nimekaza kiuno kama nilivyofundishwa. Nilipoinua tu mguu wa kulia, nikasikia chini ya majani mguu wa Deo unaufagia wa kushoto.

Ule ule ufagio wa klabuni!

Mguu wangu haukwenda popote. Deo alikuwa ameshajirusha mzima mzima, na hakuwa na pa kushika. Puu! Makalio kwenye juisi.

Mama mkwe akapaza sauti toka jikoni, "Pole mkwe wangu, waitu! Maji ya moto yapo tayari!"

Yaani maji yangu ya kuoga baada ya kuanguka yalishachemshwa. Niliumia kidogo, sitaki kudanganya.

Mzee alicheka mpaka kigoda kikamuacha. Alipopata pumzi akasema, "Kemilembe, huyu asitoroke." Kisha akaangalia upande aliokalia Deo. "Na juisi ya huku wapewe majirani."

Ndugu zangu wa mapambano, fundisho ni hili: pima nguvu zako ukiwa mguu mmoja, uzito mdogo, mwendo wa taratibu. Hapo ndipo utajua kama unazo.

Sasa nina swali. Deo amekuja kwa unyenyekevu kuomba program yangu. Nimempa bench press, kifua tu bila miguu, wiki nzima.

Anaifuata kwa moyo wote, kifua kimeanza kutoka.

Rubisi ya harusi, yaani hiyo pombe ya ndizi, tutaikamua mimi na yeye, ukoo wote ukiangalia. Nimwambie ukweli, au maji yachemshwe? Nashusha mikono, leteni maoni.