Minza Hampishi Dada

“Kocha, unanionea. Dada yangu nitamzibiaje njia?” Minza alilalamika. Nyumbani kwao mdogo humpisha mkubwa, basi na kwenye mpira wa kikapu alimpisha dada yake Kabula mpaka golini.

Kocha Paskalia, fundi cherehani wa Mpanda asiyejua kukaa, alikuwa akizungukazunguka pembeni. “Kila mtu na mtu wake, mwanangu. Ukimpisha tena, Jumamosi kwenye mechi ya Majimoto huendi. Na ile adhabu ya kukimbia mizunguko miwili ya uwanja bado nakudai.”

Kabula akaja na mpira. Minza akasogea kando, akajirudi, akasimama mbele yake mikono juu.

“Shikamoo, dada,” akasema, asimpishe.

Kabula akacheka, mpira ukamtoka.

Paskalia akaacha kuzungukazunguka. “Mizunguko yako nimesamehe. Mkabe tena.”